Wateja Wanalipa kwa Simu Kisha Wananilalamikia: Je, Nibadilishe Jina la Biashara?

"Mwalimu, nina biashara ya gesi ya kupikia na maji ya kunywa hapa Kisumu, duka moja liko Kondele na jingine Nyalenda. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka uliopita binti yangu, ambaye alisomea mambo ya masoko, alinishawishi tutengenezewe apu ya simu ili mteja aagize na kulipa bila kupiga simu. Ilitugharimu shilingi 280,000. Mwanzoni oda ziliongezeka sana, hasa jioni, nami nikafurahi. Sasa ni miezi minane, na wateja wangu wa zamani wananihama mmoja mmoja kwenda kwa kijana aliyefungua kibanda mtaa wa pili, ambaye hana apu wala bango la maana. Ana namba ya simu tu. Mwezi uliopita mama mmoja aliandika katika kundi la Facebook la mtaa wetu kwamba sisi ni wezi. Alilipa kwa Till, ile namba ya kulipia dukani kwa simu, saa kumi na mbili na nusu jioni, mtungi ukamfikia saa tatu na robo usiku, na akadai kwamba gesi haikujaa. Watu wengi wakachangia, wengine hata sijawahi kuwauzia. Binti yangu anasema jina letu limeharibika, kwa hiyo tubadilishe jina, rangi na nembo, kisha tutengeneze apu bora zaidi. Mimi naona kama tutakuwa tunafukuza upepo, lakini sina hoja ya kumjibu. Nifanye nini?"

Mama, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu mna maswali mawili yaliyofungwa katika kitambaa kimoja. Unauliza kama ubadilishe jina, lakini kinachokuumiza hasa ni kwamba umetumia pesa nyingi kumrahisishia mteja maisha, na mteja huyo huyo sasa anakuita mwizi, ilhali kijana asiye na chochote ila namba ya simu ndiye anayependwa. Hilo la pili ndilo lenye uzito, na tukilielewa, la kwanza litajijibu lenyewe.

Hata hivyo nisikuweke roho juu: usibadilishe jina. Watu wa Kondele na Nyalenda wanajua duka ni la nani, wanawajua vijana wanaobeba mitungi, na wanajua pikipiki zenyewe. Ukibandika jina jipya juu ya mlango ule ule, watakaokuwa wamesahau lile andiko la Facebook watakumbushwa, na wasiolisikia watauliza kwa nini umebadilisha. Zaidi ya hayo, utakuwa umeitupa miaka kumi na mmoja ambayo jina hilo lilitajwa jikoni kwa watu bila mtu kukunja uso. Binti yako hajakosea kusema kwamba jina limeguswa. Alipokosea ni kudhani kwamba jina la biashara hukaa kwenye bango. Hukaa katika kile ambacho jirani humwambia jirani anapoulizwa, "Gesi wewe hununua wapi?"

Sasa tuangalie yaliyotokea kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu na robo.

Zamani mteja alituma mtoto au alipiga simu, mtungi ukaletwa, akautazama, ndipo akahesabu noti. Alikuwa na njaa, ndiyo, lakini pesa alikuwa nazo mwenyewe, na mtu aliyeshika pesa hungoja kwa utulivu kwa sababu wakati wowote anaweza kuamua kununua kwingine. M-PESA ilipoanza Machi 2007, Wakenya walijifunza kutuma pesa mahali wasipokuwepo, na tangu 2013, Lipa Na M-PESA ilipotuletea namba za Till, tumejifunza kulipa dukani hivyo hivyo. Ni raha kubwa, na sisemi turudi nyuma. Lakini apu yako ilikwenda hatua moja mbele: ilimtaka mteja alipe kwanza, kisha angoje. Kwa kitendo hicho kidogo, hatari yote ilihama kutoka kwako kwenda kwake. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja, mama yule alikuwa na ujumbe wa M-PESA katika simu, maji ya ugali yaliyopoa nusu katika sufuria, watoto wanaouliza chakula, na labda hakuwa na pesa nyingine za kununua mtungi kwa mtu mwingine. Na hakuwa na mtu wa kumuuliza, kwa kuwa apu ilikuwa imemwandikia kwamba oda yake imepokelewa, basi.

Kimya hicho ndicho kinacholiharibu jina lako. Kuchelewa kwenyewe watu huvumilia. Kisumu mvua ikinyesha kila mtu anajua bodaboda haziruki. Asichovumilia mtu ni kuchelewa kusikoelezwa wakati pesa zake tayari ziko kwa mwingine, kwa sababu akili yake hujaza pengo hilo, na katika mji ambao kila mtu amewahi kutapeliwa kwa simu au anamjua aliyetapeliwa, hujazwa na neno moja tu. Ona pia jinsi shutuma ya pili ilivyozaliwa na ya kwanza. Mtungi ungefika baada ya dakika ishirini, mama yule asingeuinua kwa mkono kupima uzito wake. Ulipofika saa tatu na robo usiku, alikuwa tayari anatafuta wizi, na anayetafuta wizi katika mtungi wa chuma ambao ndani haonekani hawezi kuukosa.

Kwa nini ulichelewa? Hapa nitakisia, nawe utanisahihisha ukipiga hesabu zako. Tuseme duka la Kondele lina waendeshaji wawili, na kila safari ya kwenda na kurudi, pamoja na kupanda ngazi na kufunga mtungi, huchukua nusu saa. Uwezo wako basi ni oda nne kwa saa, wala hauongezeki kwa sababu apu ina rangi nzuri. Gesi nayo ina tabia yake: huisha mtu anapopika, na watu wengi hupika kwa wakati mmoja. Oda kumi zikiingia baina ya saa kumi na mbili na saa moja, mtu wa kumi atafikiwa baada ya zaidi ya saa mbili tangu wa kwanza aanze kuhudumiwa, hata kama vijana wako hawakupumzika kunywa maji. Zamani simu ndiyo iliyokuwa lango: mhudumu alisikia uchovu katika sauti yake mwenyewe, akasema, "Leo tumelemewa, ngoja kidogo au jaribu kesho." Apu haichoki wala haioni aibu. Ilizipokea zote kumi, ikachukua pesa za zote kumi. Zile oda zilizokufurahisha mwanzoni zilikuwa foleni ambayo hukuiona, kwa sababu foleni ya simu haisimami mlangoni.

Simjui yule kijana wa mtaa wa pili, lakini nimewaona wa aina yake Nakuru, Kakamega hata Bungoma. Anapopigiwa simu anapokea mwenyewe. Akiwa mbali husema yuko mbali. Husema atafika saa mbili, na hufika saa mbili kasorobo. Pesa huchukua akishafika, kwa simu hiyo hiyo, kwa dakika hiyo hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti watatu wa Marekani, Parasuraman, Zeithaml na Berry, waliwachunguza wateja wa huduma mbalimbali wakauweka ubora wa huduma katika mafungu matano: kutegemeka, wepesi wa kuitikia, uhakika anaopewa mteja, kumjali, na vile vinavyoonekana kwa macho kama vifaa, mavazi na jengo. Wateja walipoulizwa ni lipi zito zaidi, kutegemeka kulitangulia, na vinavyoonekana vikaja mwisho. Shilingi zako 280,000 zilikwenda kwenye fungu la mwisho, wakati kijana yule anakushinda katika la kwanza bila kulipia hata senti.

Kwa hiyo anza na agizo ambalo halihitaji fundi wa kompyuta. Kwa gesi, malipo yafanyike mlangoni, mtungi ukishapimwa. Utaniambia kwamba wapo wateja watakaoagiza kisha wazime simu, nawe utakuwa umepoteza mafuta ya pikipiki. Ni kweli, watakuwepo, na hesabu hiyo uibebe kama sehemu ya gharama ya biashara. Anayekufanyia hivyo mara mbili, huyo ndiye umwombe alipe kwanza. Usiwaadhibu mia kwa kosa la watatu.

Oda ikiingia, mhudumu apige simu ndani ya dakika tano na ataje saa, na saa hiyo iwe mbaya kuliko anavyotumaini. Akidhani saa moja, aseme saa moja na nusu. Ikionekana saa itapita, apige tena kabla mteja hajapiga. Simu inayotoka kwako kwanza ina thamani tofauti kabisa na ile inayotoka kwake, hata kama maneno ni yale yale. Oda zikizidi uwezo, aseme hivyo, hata kumwelekeza mteja kwa yule kijana. Najua hilo linauma. Lakini mteja uliyemwambia ukweli saa ya njaa atarudi wiki nyingine, na uliyemdanganya hatarudi. Kwa zile saa chache za jioni oda zinapojaa, zungumza na steji ya bodaboda iliyo karibu na duka upate watu wawili unaowaamini, unaowalipa kwa safari, badala ya kuajiri mtu wa kutwa atakayekaa bure tangu asubuhi.

Kuhusu kupima: kila mtungi umepigwa chapa ya uzito wake mtupu. Ukisoma kilo 7.2, mtungi wa gesi ya kilo 6 uliojaa unapaswa kuonyesha kilo 13.2 kwenye mizani. Wateja wengi hawajawahi kuonyeshwa chapa hiyo. Mpe kila mwendeshaji mizani ya kuning'iniza, amwonyeshe mteja namba kwenye chuma, kisha namba kwenye mizani, kabla ya kutaja pesa. Ni kazi ya dakika moja. Nakuahidi itasimuliwa mtaani kuliko nembo yoyote. Mizani ya biashara inapaswa kukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo na mizani, kwa hiyo usinunue ya bei poa sokoni ukaitumia kesho yake. Nenda kwanza katika ofisi yao.

Yapo mambo mawili madogo ya Till ambayo wenye biashara huyapuuza na wateja hawayasahau. La kwanza ni jina. Mteja anapolipa, ujumbe wa M-PESA humwonyesha jina lililosajiliwa na Till hiyo. Kama bango lako linasema jina moja na ujumbe unaonyesha jina jingine, labda la kampuni ya zamani au la jamaa aliyekusaidia kusajili, umemtia mteja wasiwasi kabla hujamhudumia. Linganisha leo hii, na kama hayafanani, lirekebishe; hilo ndilo jina pekee ambalo ningekushauri ubadilishe. La pili ni uthibitisho. Mwaka jana nilisimama kwenye kaunta ya duka moja hapa Nakuru, nikiwa na ujumbe wa malipo mkononi, wakati mhudumu akimpigia tajiri wake aliyekuwa mji mwingine kumuuliza kama pesa zimeingia, na tajiri hapokei. Nilisimama pale kama mshukiwa. Simlaumu mhudumu, kwa kuwa matapeli hutengeneza ujumbe bandia wa M-PESA unaofanana sana na wa kweli, na akikosea hukatwa mshahara. Ninayemlaumu ni mwenye duka aliyeacha taarifa za malipo ziishie katika simu yake. Waulize Safaricom, wenye M-PESA, jinsi ya kumwongeza mhudumu kwenye Till ili naye aone malipo yanapoingia.

Na umwachie mhudumu uwezo wa kurudisha pesa. Weka, tuseme, shilingi 5,000 katika laini moja ya duka, umruhusu kumrudishia papo hapo mteja aliyelipa kwanza, mzigo wake usipofika kwa saa iliyotajwa, bila kukupigia wewe, kisha aandike katika daftari. Mteja akiambiwa arudi kesho kwa kuwa mama hayupo, umemfanya afukuzie pesa zake mwenyewe, na huko ndiko neno "wezi" linakopata miguu.

Sasa lile andiko. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na sidhani walijua jinsi kibaya kitakavyojitembeza kikipewa bando. Usiwaombe wasimamizi wa kundi walifute, na usimtume binti yako kubishana hoja kwa hoja. Wanaosoma hawakumbuki nani alisema nini, wanakumbuka nani alipandisha sauti. Nenda kwa mama huyo wewe mwenyewe, mchana, ukiwa na mizani na mtungi mwingine. Msikilize amalize. Kama mtungi ule bado upo na chapa yake inasomeka, kubalianeni jinsi ya kupima kilichobaki, ingawa baada ya mwezi mzima hilo litakuwa halina maana, na ni heri umpe tu gesi bila kudai ushahidi. Kisha, chini ya andiko lake, andika maneno machache yenye jina lako: kwamba ulichelewa kwa karibu saa tatu, kwamba pesa zake zilikuwa tayari zimechukuliwa, kwamba hakupigiwa simu, na kwamba tangu sasa mteja wa gesi hulipa akishaona mizani. Usiseme "tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Sentensi hiyo imechoka, na kila Mkenya anaijua kuwa ni ya mtu ambaye hakusikiliza.

Wapo wataalamu watakaokuambia kwamba mteja aliyekosewa kisha akarekebishiwa vizuri hukupenda kuliko ambaye hakukosewa kamwe. Wazo hilo lilipewa jina mwaka 1992, na tangu hapo tafiti zimetoa majibu yanayopingana. Mimi singelitegemea. Yanayotukia zaidi ni kwamba mama huyo atanyamaza, na wale wanaosoma kimyakimya wataona kuna mtu mzima upande wa pili. Hao ndio wengi. Aliyeandika amekupa nafasi ya kusahihisha. Wateja wa zamani waliohama bila neno hawakukupa, na ningetumia jioni moja kuwapigia simu kumi kati yao kuliko kukata keki wiki ile ya huduma kwa wateja ya mwezi wa Oktoba, ambayo ofisi zetu huiadhimisha kwa baluni huku simu zikilia bila kupokelewa.

Apu je? Usiitupe. Iondoe tu katika gesi na uipe maji. Gesi ni dharura, lakini maji ya kunywa yana ratiba: nyumba inayomaliza chupa mbili za lita 20 kwa wiki itazimaliza wiki ijayo pia, na mteja akilipa Jumatatu kwa maji ya Jumatano hana wasiwasi, maana hayuko taabani. Huko malipo ya mapema ni raha ya kweli. Kwa gesi, WhatsApp Business inatosha; haina malipo, ina majibu ya haraka na orodha ya bidhaa, na mteja wako hahitaji kufuta picha za watoto ili apate nafasi katika simu. Mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, naye abaki na namba ya kupiga. Kuhusu apu mpya ambayo binti yako anaitaka, ningesubiri hadi uwezo wako wa jioni utoshe. Kwa sasa ingekuletea foleni ndefu zaidi, yenye rangi mpya.

Kuna jambo hukuliuliza ambalo lazima niliguse. Vijana wako wana namba za simu na milango ya wateja, wengi wao wanawake. Mwendeshaji mmoja akimwandikia mteja usiku kumsalimia kwa namna asiyoitaka, hakuna huduma nzuri itakayofuta hilo. Namba za wateja zikae katika simu za duka, na simu hizo zibaki dukani usiku. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ofisi ya kamishna inayoisimamia, ambayo mwaka 2023 ilizitoza faini za mamilioni taasisi zilizotumia taarifa na picha za watu bila ridhaa, kilabu kimoja cha Nairobi kikiwemo. Biashara yenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi kwa kawaida haihitaji kujisajili kwa kamishna, lakini wajibu wa kulinda taarifa unabaki pale pale. Ukivuka kiwango kimojawapo, jisajili.

Mengine hayatamalizwa kwa barua. Ukipima mitungi inayotoka kwa msambazaji wako ukakuta baadhi haijafika uzito, acha kuiuza, weka kumbukumbu, na uwafikie maafisa wa vipimo pamoja na EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli, kwa maana hapo mama wa Facebook alikuwa na haki kuliko ulivyodhani. Mkataba wa aliyekutengenezea apu upeleke kwa wakili akuambie taarifa za wateja wako ni mali ya nani. Na kama hesabu za Till hazilingani na mitungi iliyotoka, hilo ni la mhasibu, akiwa dukani na vitabu vikiwa wazi.

Kabla ya hayo yote, Ijumaa ijayo kuanzia saa kumi na mbili jioni uketi wewe mwenyewe katika duka la Kondele, simu ya oda ikiwa mkononi mwako, binti yako akiwa kando na daftari. Andikeni kila oda imeingia saa ngapi, mtungi umeondoka saa ngapi, umefika saa ngapi. Nitumie ukurasa huo, tuone kama unachohitaji ni mwendeshaji wa tatu au ni apu ya pili.